Kusimama Si Kupona: Majibu kwa Maneno Yanayowaponza Majeruhi wa Ajali

Hapa Mwanza, Hiace ikipinduka Mabatini au bodaboda ikigongwa Buzuruga, watu hujaa kabla vumbi halijatua. Aliyelala chini anabebwa mbiombio. Aliyesimama anapewa maji, anapanguswa suruali, anaambiwa amshukuru Mungu, kisha anatafutiwa usafiri wa kurudi kwake. Huyu wa pili ndiye aliyenifanya niandike.

Mwaka 2012 madaktari wa upasuaji wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, akiwamo Phillipo Chalya, walichapisha utafiti wa majeruhi zaidi ya 1,600 wa ajali za barabarani waliotibiwa hospitalini hapo. Pikipiki ndizo zilizoongoza kwa kujeruhi. Hao ni wale waliofika hospitali. Wapo wasiofika kwa kuwa walijiona wazima, au waliambiwa na wenzao kwamba ni wazima. Na maneno yanayowabakiza nyumbani ni yaleyale, kuanzia stendi ya Nyegezi hadi Mwaloni Kirumba. Nayajibu moja baada ya jingine.

1. "Nilisimama mwenyewe, nikatembea. Sina kitu."

Kusimama kunathibitisha kwamba wakati ule miguu ilikuwa na nguvu. Hakusemi lolote kuhusu bandama, ini, mapafu wala ubongo. Mwili ukipata mshtuko mkubwa humwaga adrenalini kwenye damu: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, maumivu yanafifia kwa muda. Ndiyo maana mtu aliyevunjika kifundo cha mkono anaweza kubeba begi lake kwa mkono uleule hadi ng'ambo ya barabara, akaja kugundua jioni anaposhindwa kukata tonge la ugali.

Adrenalini ikiisha, uvimbe unaingia. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinasukuma kiwiliwili mbele huku kichwa kikichelewa kufuata, kisha nacho kinarushwa. Misuli na kano za shingo zinavutwa kupita kiasi. Mtu analala vizuri, asubuhi hawezi kugeuka kuitika salamu. Kwa wengi maumivu haya hujitokeza ndani ya saa 24, kwa wengine siku ya pili au ya tatu, na huisha kwa parasetamoli na mazoezi mepesi ya shingo katika wiki chache.

Ila mtu akisikia ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, au mfupa wa katikati ya shingo ukiuma unapoguswa, asigeuzwegeuzwe. Watafiti wa Canada waliotunga kanuni ya kupima shingo za majeruhi walitaja ganzi ya viungo, na pia umri wa miaka 65 na kuendelea, kuwa kila moja peke yake ni sababu tosha ya kupiga picha.

2. "Kichwa hakijapasuka, hata damu haikutoka."

Damu ya nje tunaiona na tunaifunga. Inayovuja ndani ya fuvu haina pa kutokea, kwa hiyo inaukandamiza ubongo. Pembeni ya kichwa, juu ya sikio kuelekea kwenye jicho, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na kwa ndani yake imepita ateri. Mfupa ukipata ufa, ateri ile inaweza kuchanika. Majeruhi anaweza kupoteza fahamu kidogo, akazinduka, akataja jina lake, akaulizia simu yake. Huo uzima wa muda unaweza kudumu dakika chache au saa kadhaa. Kisha kichwa kinaanza kuuma, anatapika, anasinzia, na mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili.

Mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Canada, Machi 16, 2009. Alisimama, akasema yuko sawa, akakataa matibabu. Baada ya muda kichwa kikaanza kumuuma, akapelekwa hospitali. Alifariki New York Machi 18, akiwa na miaka 45. Hakukosa fedha wala madaktari. Kilichompotea ni muda.

Aliyegonga kichwa apelekwe akaangaliwe. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asilale peke yake usiku wa kwanza. Hakuna haja ya kumkesha macho wazi usiku kucha. Aamshwe mara kwa mara. Mwite jina. Muulize yuko wapi na leo ni siku gani. Mwambie akubane vidole kwa mikono yake yote miwili kwa pamoja, usikie kama nguvu zinalingana. Akijibu ovyo, akitapika tena na tena, mkono mmoja ukilegea au akiwa hazinduki vizuri, msisubiri kukuche. Na asipewe pombe ya kutuliza maumivu, maana mtaishia kubishana kama amelewa au ubongo umebanwa.

3. "Ajali ilishapita mwezi mzima. Haya ni mengine, amelogwa."

Upande huu wa nchi dai hili lina nguvu, na wanaolipa gharama yake zaidi ni wazee. Kadiri umri unavyosonga ubongo hupungua ukubwa kidogo, na mishipa midogo ya vena kati yake na utando wa juu hubaki imevutika. Kuanguka kidogo kwenye bodaboda kunatosha kuuchana mmoja. Damu inavuja polepole kwa siku na wiki. Mzee anaanza kusahau, anaburuza mguu mmoja, anakasirika bila sababu, anajikojolea. Familia inakumbuka ugomvi wa shamba na kuanza kumtafuta mbaya wake.

Siti skani inaweza kuionyesha damu hiyo, na mara nyingi daktari wa upasuaji huitoa kwa kutoboa tundu dogo kwenye fuvu. Mzee aliyekuwa hawatambui wajukuu anaweza kurudi kuwaita kwa majina yao. Kwa hiyo mtu akibadilika tabia, kumbukumbu au mwendo ndani ya miezi 3 baada ya kugonga kichwa, mwambieni daktari habari ya ajali, hata kama ilikuwa ndogo kiasi gani. Tahadhari iwe kubwa zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

4. "Tumbo ni misuli tu. Na mkojo wa damu ni kichocho, huku kwetu kawaida."

Hapa ndipo sisi wa Kanda ya Ziwa tuna hatari ya peke yetu. Bandama iko kushoto, chini ya mbavu za mwisho, na kwa kawaida mbavu hizo huikinga. Lakini Ukerewe, Kome, Sengerema, Magu na Ilemela, kazi ziko majini: kuvua, kufua, kuchota maji, na watoto kuogelea. Kichocho cha tumbo huambukizwa humohumo majini, kinatibiwa na kinarudi. Mayai ya minyoo yake hunasa kwenye ini, miaka inapita, ini linajaa makovu, damu inapita kwa shida, na bandama inavimba. Malaria ya kila mara nayo huikuza. Bandama iliyovimba inachungulia nje ya kinga ya mbavu, na utando wake umetanuka. Pigo la usukani wa pikipiki ambalo mwingine angelisahau linaweza kuipasua. Utafiti mwingine uliotoka Bugando mwaka huohuo wa 2012, kuhusu waliojeruhiwa bandama, ulikuta ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu.

Tena si lazima bandama ipasuke papo hapo. Damu inaweza kujikusanya chini ya utando wake, majeruhi akala, akalala, akarudi kazini, na utando ukaachia siku ya tatu au wiki inayofuata. Kuna dalili moja inayowapoteza wengi: bega la kushoto linauma, hasa mtu akilala chali, wakati bega lenyewe halikuguswa. Damu iliyomwagika tumboni inachokoza kiwambo kilichotenga tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatokea shingoni, karibu na fahamu za bega. Nyumbani watu wanachua bega huku damu ikijaa tumboni.

Wala asitulizwe kwa kupimwa presha mara moja. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu theluthi yake kabla presha haijashuka. Kinachotangulia ni mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho la baridi, kiu, na kizunguzungu akisimama. Vipimo virudiwe. Na kama mkanda wa gari umeacha alama ya mchubuko tumboni, utumbo uchunguzwe, maana dalili za utumbo kutoboka zinaweza kuchukua siku moja au mbili: tumbo gumu, homa, kutapika. Mkanda wenyewe uendelee kufungwa. Bila mkanda huenda majeruhi huyo angezikwa.

Kuhusu mkojo: ni kweli, kichocho cha kibofu kimezoeleka katika vijiji vya ndani vya Usukuma, kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Lakini mkojo ulioanza kuwa mwekundu baada ya kugongwa una maelezo ya karibu zaidi: figo, kibofu, au mfupa wa nyonga uliovunjika. Asipewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, na kurudishwa nyumbani kabla hivyo havijachunguzwa.

5. "Mkande maji ya moto, mchue, damu isije ikavilia."

Anayemkanda majeruhi anamkanda kwa upendo, ila siku mbili za mwanzo joto na kuchua huongeza kuvuja na uvimbe. Kinachofaa ni baridi. Kwenye mialo yetu barafu ya samaki haikosekani. Ifungwe kwenye kitambaa safi, ikae juu ya palipovimba dakika 15 hadi 20, kisha ipumzishwe. Tumbo lisichuliwe kamwe, wala shingo isinyooshwe ili ialike.

Jambo la hatari zaidi ni kufunga mguu uliovunjika kwa vijiti na kamba za kukaza. Mguu unavimba ndani ya vifungo, damu inakosa njia, na misuli inaweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Maumivu yakizidi kuliko inavyotarajiwa, yakapanda vidole vinaponyooshwa, na vidole vikawa baridi au vyenye ganzi, legezeni vifungo na mkimbilie hospitali. Wapo waliopoteza mguu ambao mfupa wake ungeweza kuunga.

Na diklofenaki ya duka la dawa isiwe ya kwanza kwa mtu ambaye hajapimwa. Dawa za jamii hiyo hupunguza uwezo wa damu kuganda. Parasetamoli ni salama zaidi hadi daktari aseme vingine.

6. "Alipigwa eksirei, hakuna kitu."

Eksirei inaonyesha vizuri mifupa na hewa. Haionyeshi ubongo, na haitoshi kuonyesha bandama wala ini. Hata mifupa mingine huificha: kuna mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, ambao ufa wake unaweza kuonekana siku 10 hadi 14 baadaye. Ukiachwa bila tiba, fundi au dereva anaweza kubaki na mkono unaouma maisha yake yote. Pafu lililopata pigo nalo linaweza kuonekana safi siku ya ajali na kubadilika ndani ya saa 24 hadi 48. Ultrasaundi ya tumbo ikipigwa mapema mno inaweza kukuta damu bado ni kidogo.

Kabla ya kuondoka, muulize daktari: mmechunguza sehemu zipi, na dalili gani zikitokea nirudi? Jibu liandikwe. Kipimo cha jana ni picha ya jana.

7. "Mtoto anacheza tumboni, basi yuko salama."

Mama mjamzito aliyepata ajali asiondoke bila kuangaliwa, hata kama hana mchubuko. Tumbo la uzazi hujikunja kwa pigo, kondo la nyuma halijikunji, na linaweza kuachana na ukuta wa tumbo hilo bila damu kutoka nje. Ultrasaundi inaweza isione kuachana huko. Mimba ikishakua, mama na mapigo ya moyo ya mtoto hufuatiliwa kwa saa 4 angalau. Akipata maumivu yanayokuja na kuondoka, tumbo likikaza, damu au maji yakitoka, au mtoto akipunguza kucheza, arudi usiku huohuo.

8. "Acha nifike kwanza nyumbani Ukerewe, nitaangalia kesho."

Naielewa hamu ya kufika nyumbani. Lakini ukipanda meli ya kwenda Nansio unajitenga na chumba cha upasuaji kwa saa kadhaa, na anayepanda ya Bukoba anasafiri usiku kucha. Damu ikianza kuvuja katikati ya ziwa, nahodha hana la kukusaidia. Aliyegonga kichwa, kifua au tumbo apitie hospitali ya Sekou Toure, ya Bugando au kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kushuka bandarini.

Kwa wanaotokea magharibi, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la majeruhi kutoka Sengerema au Geita halisubiri tena kivuko. Muda wa safari umepungua, uamuzi nao usichelewe.

9. "Kwenda hospitali ni kujiletea polisi. Tumeyamaliza palepale."

Fomu ya PF3 ni kumbukumbu ya polisi kwa ajili ya daktari na mahakama. Haikusudiwi kuwa kiingilio cha chumba cha dharura, na Serikali imeshatamka kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Ndugu mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende kituoni.

Kuyamaliza barabarani kuna hasara yake. Dereva anatoa shilingi elfu hamsini, mnapeana mikono, siku ya tatu bandama inapasuka. Sheria inalazimisha kila gari liwe na bima inayolinda watu wengine, na majeruhi anaweza kudai kupitia bima hiyo. Dai la madhara lina ukomo wa miaka 3, kwa hiyo hakuna sababu ya kuamua ukiwa bado umesimama kando ya lami. Chukua namba ya gari, piga picha stika ya bima, toa taarifa polisi, na utunze kila karatasi ya hospitali. Dereva au konda aliyeajiriwa na kuumia kazini aulizie pia haki yake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

10. "Mbona hakulalamika siku ile? Anatafuta hela."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linamfunga mdomo mgonjwa wa kweli. Uvimbe hupanda polepole, damu hujaa polepole, utumbo uliotoboka huchukua muda kuleta homa. Kuchelewa kwa maumivu ndiyo tabia ya majeraha hayo. Hata akili inaweza kuumia kwa kuchelewa: mtu anashtuka kila honi ikilia, anaota ajali ileile, anakataa kupanda gari. Hali hiyo ikipita mwezi anahitaji msaada wa kitaalamu, na kumcheka ni kumwongezea ugonjwa.

Wapo wanaodanganya, sikatai. Dawa ya uongo ni uchunguzi na maandishi: karatasi ya siku ya kwanza, na ya siku dalili zilipoanza. Mwajiri anayemruhusu mtu arudi kupimwa anajilinda mwenyewe pia.

Siku tatu za macho

Maumivu mengi yanayochelewa ni ya misuli, na yatapita. Si kila aliyepata ajali anayehitaji siti skani. Anachohitaji kila mmoja ni kuangaliwa na mhudumu wa afya siku ileile, kisha mtu wa kumwangalia kwa siku 3 za mwanzo, maana mengi kati ya majeraha yaliyojificha hujitokeza katika siku hizo. Kwa kichwa na bandama, macho yaendelee wiki kadhaa.

Dalili za kumrudisha hospitali bila mjadala ni hizi: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika kwa kurudiarudia, kusinzia kusiko kwa kawaida, kupumua kwa shida, tumbo gumu au linalovimba, bega la kushoto linalouma bila kuguswa, mkojo wa damu, ganzi au udhaifu wa kiungo, na kuzimia. Kumbuka majeruhi anayetokwa damu kwa ndani anaweza kuwa wa mwisho kukubali kwamba anaumwa.

Basi konda, dereva wa bodaboda, mama lishe wa kando ya barabara, ninyi ndio mnaofika wa kwanza kwenye ajali. Akiwaambia yuko sawa, mjibuni kwamba mnafurahi kusikia hivyo, na mmpeleke akapimwe.